Duka Moja, Wenyewe Wengi

Mtu akienda dukani hutazama vitu vilivyo ndani. Atafuta chumvi, sabuni, mafuta, daftari za watoto. Akivipata alipa, akaenda zake. Nani asimamaye nje kuutazama ukuta? Hata hivyo maduka mengi ya nchi zetu, hasa haya makubwa yaitwayo siku hizi supamaketi, hayakujengwa ili yawe maduka ya namna hiyo. Jengo lilikuwa ghala, au karakana, au sinema, au duka la mtu mwingine kabisa aliyeondoka zamani. Mwenye duka mpya hubadili ndani kwanza: huvunja kuta ndogo, huweka taa, hupanga rafu. Nje hapagusi sana, maana kubadili nje kwataka fedha nyingi na hakumletei mnunuzi hata mmoja. Apaka rangi tu. Basi mambo ya kale, yakifukuzwa ndani, hubaki nje.

Tuanze na Nizi, ambako msomaji wa Ituri hahitaji kwenda mbali. Nizi iko katika wilaya ya Djugu, kaskazini ya Bunia, katika nchi ya dhahabu. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waliotumwa kutafuta madini, waliona dhahabu katika vijito vya Kilo. Mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Wakati huo Kongo ilikuwa bado mali ya Mfalme Leopold II mwenyewe. Serikali ya Ubelgiji iliitwaa mwaka 1908. Mwaka 1926 ikaundwa kampani ya kuchimba dhahabu ya Kilo-Moto. Mwaka 1966, baada ya uhuru, ikafanywa shirika la serikali, ikaitwa OKIMO. Na baadaye tena ikapewa jina la SOKIMO. Majina yamegeuka, lakini mashimo ni yale yale.

Kampani ya namna hiyo haikuchimba tu. Ilijenga barabara, kambi za wafanyakazi, nyumba za Wazungu, hospitali, karakana, na maghala ya posho. Katika miaka ya kwanza watu wengi hawakwenda kazini kwa hiari yao. Machifu waliagizwa kutoa watu, nao wakatoa. Mfanyakazi alipewa chakula chake kwa kipimo: unga, maharagwe, chumvi, mafuta, samaki wakavu. Kwa hiyo ghala la posho lilikuwa jengo kubwa katika maisha ya kambi. Watu walisimama mbele yake kwa safu, wakaitwa kwa namba zao.

Sasa, ndugu msomaji, jifunze kulitambua jengo la namna hiyo hata kama leo limepakwa rangi ya njano na kuandikwa bei ya bia.

Tazama kwanza msingi. Duka la kawaida hukaa chini, ili mama mwenye mtoto mgongoni aingie bila shida. Ghala huinuliwa, na ukingo wake hulingana na kimo cha sanduku la lori, ili magunia yapite toka lori mpaka sakafuni bila kubebwa juu. Ukiona duka ambalo baraza yake iko juu ya kiuno cha mtu, na ngazi za saruji zimeongezwa baadaye pembeni, ujue mlango ule ulijengwa kwa ajili ya magunia, si kwa ajili ya watu. Mara nyingi ukingo wa baraza umelikwa kwa kupigwa na malori miaka mingi.

Kisha tafuta dirisha dogo lenye nondo, lililo chini kidogo ya kimo cha uso. Huenda limezibwa kwa matofali, lakini alama yake huonekana, maana matofali ya pili hayalingani na ya kwanza kwa rangi wala kwa unene wa udongo uliotiwa katikati. Hapo ndipo karani alipokaa. Mtu aliyesimama nje alilazimika kuinama ili aseme naye. Sijui kama mwashi alikusudia hivyo, au alifuata ramani aliyopewa tu. Lakini mgongo wa mfanyakazi ulijifunza kuinama hapo kila wiki, na hayo pia ni historia.

Tazama na juu. Ndoano nene ya chuma chini ya kenchi za baraza ilikuwa ya kuning'iniza mizani. Matundu manne au sita yaliyopangwa sawasawa juu ya mlango ni mahali pa kibao kilichoondolewa. Mlango uliopunguzwa hutambulika kwa tao lake: waashi wa zamani walijenga tao la matofali juu ya kila nafasi, na mlango ukizibwa tao hubaki, kama nyusi juu ya jicho lililofungwa. Na ukikuta mbele ya duka kisiwa kidogo cha saruji, kirefu kama kitanda, kisicho na kazi yoyote isipokuwa watoto kukichezea, yamkini palisimama pampu ya petroli.

Pengine ukuta umekwisha kabisa na alama imebaki katika jina. Pale barabarani, karibu na Nizi, kuna Iga-Barrière. Neno hilo la pili ni Kifaransa, maana yake kizuizi cha barabarani. Bambu nayo huitwa hata leo Bambu-Mines, yaani Bambu ya machimbo. Jambo hili si la Ituri tu. Katika Dar es Salaam, Wajerumani walijenga jumba la maonyesho yaliyotazamiwa kufanyika mwaka 1914, vita ikazuia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapo wapagazi wa jeshi, waitwao kwa Kiingereza Carrier Corps. Baadaye pakawa soko. Jumba la Wajerumani halipo tena, soko jipya lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Lakini kila mama aendaye kununua nyanya Kariakoo ataja, bila kujua, wapagazi wale ambao maelfu yao walikufa njiani wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Turudi kwenye maduka. Kampani ilitoa posho, lakini haikuuza kila kitu. Kitambaa, taa, sufuria, baiskeli, sigara, vitu hivyo viliuzwa na wafanya biashara, na katika Ituri wengi wao walikuwa wageni: Wagiriki hasa, na Wahindi. Na bidhaa zao zilifikaje? Kutoka Matadi hadi Ituri ni safari ndefu mno ya reli, mto na barabara. Ilikuwa nafuu zaidi kuvileta vitu kutoka Mombasa. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo mzigo ulivuka ziwa kwa meli hadi Jinja. Tangu mwaka 1912 palikuwa na reli fupi toka Jinja hadi Namasagali. Kisha meli tena katika Mto Nile na Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Kisha barabara hadi Butiaba katika Ziwa Albert. Kisha meli hadi Kasenyi, pwani ya Kongo. Na mwisho kupanda mlima hadi Bunia na machimboni. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi gunia moja lilishushwa na kupakiwa tena! Njia hiyo ilidhoofika kidogo kidogo, na mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zilipolijaza ziwa, bandari ya Butiaba ikaharibika.

Basi Jinja na Nizi zilikuwa kwenye kamba moja, na alama ambazo Nizi zimefichika, Jinja zaonekana wazi kuliko mahali pengi niwezapo kutaja. Barabara kuu ya mji ule imepangwa pande zote mbili na maduka ya Wahindi ya miaka ya 1920 na kuendelea. Kila duka lina baraza yenye nguzo, milango mipana ya mbao, na nyuma yake ua na vyumba vya jamaa. Na juu, katika paji la nyumba, yaani ule ukuta ulioinuka kuficha mabati, limeandikwa kwa saruji jina la mwenye nyumba au la ukoo wake, pamoja na mwaka wa kujenga. Haikuandikwa kwa rangi. Fundi aliumba herufi zenyewe kwa saruji mbichi, zikakauka pamoja na ukuta.

Kwa nini waliandika hivyo? Mtu aliyekuja kutoka Gujarati kwa jahazi, akaanza na kibanda cha mabati, akauza chumvi na shanga miaka ishirini, siku aliyojenga kwa mawe alitaka watu wajue. Kulikuwa na tumaini pia: jina limeandikwa ili wana na wajukuu walikute. Wengi wao walifuata nyayo za Allidina Visram, yule mfanya biashara wa Mombasa aliyekufa mwaka 1916, ambaye maduka yake yaliifuata reli hadi Uganda.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Mambo yalipozidi, hata waliokuwa raia wa Uganda wengi walinyang'anywa uraia wao. Watu zaidi ya elfu 50 waliondoka. Waliruhusiwa kuchukua fedha kidogo tu na mizigo michache. Maduka waliyaacha na bidhaa ndani, nayo yakagawiwa kwa askari na kwa watu wengine waliopendwa na serikali. Watu wa Uganda waliwaita hao waliotajirika ghafula mafutamingi, neno la Kiswahili kabisa, na halikuwa la sifa. Wengi waliuza kilichokuwamo, na rafu zilipokuwa tupu hawakujua bidhaa mpya zaagizwa wapi. Viwanda vya sukari vilipungua hata sukari yenyewe ikawa kitu cha kutafutwa.

Ajabu ni kwamba majina yalibaki. Mtu alipewa duka, akalala katika kitanda cha mwenyewe, akauza vitambaa vyake, lakini juu ya kichwa chake kila mteja aliweza kusoma jina la aliyefukuzwa na mwaka aliojenga. Nadhani sababu si huruma. Herufi za saruji haziondoki kwa brashi. Zataka nyundo, ngazi na mwashi, na mtu aliyepata duka bure hataki kutumia fedha kwa ajili ya paji lake. Baadaye ilitungwa sheria ya kurudisha mali, na katika miaka ya 1990 baadhi ya wenyewe au watoto wao walirudi. Jina la ukutani halikuwa hati; ofisini zilitakiwa karatasi. Wengine walipata nyumba zao, wengine waliziuza, wengine walikuwa wamekwisha kuzeeka huko Leicester na London, ambako walikuwa wameanza tena kwa duka dogo la kona, na hawakutaka kuhama mara ya pili.

Msomaji wa Kongo asiseme hayo ni ya Uganda. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yawe mali ya wananchi wa Zaire. Katika Ituri hilo lilimgusa Mgiriki mwenye duka na mlowezi mwenye shamba la kahawa. Waliopewa mali hizo waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs, na katika mengi hadithi yao ni ndugu ya ile ya mafutamingi: bidhaa ziliuzwa, lori likachakaa, duka likafungwa. Kuanzia mwaka 1976 serikali ilianza kurudisha sehemu ya mali kwa wenyewe, lakini wengi walikuwa wamekwenda moja kwa moja. Siku zile hata Ziwa Albert lilibadilishwa jina, likaitwa Mobutu Sese Seko. Leo ni Albert tena.

Tanzania ilifanya kwa njia nyingine, bila kumfukuza mtu. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katika mitaa ya katikati ya Dar es Salaam mtu aweza kusoma mapajini majina na miaka kama ya Jinja, juu ya nyumba ambazo kwa hati ni mali ya shirika la umma.

Kwa kulinganisha, tuangalie mahali ambapo alama ziliachwa kwa kusudi. Magharibi ya London, huko Perivale, kiwanda cha Hoover, watengenezaji wa mashine za kufagilia mazulia, kilifunguliwa mwaka 1933. Uso wake ni mweupe, mrefu, wenye nguzo na marembo ya rangi kama jumba la mfalme wa Misri. Wakati wa vita ya pili kiwanda kilitengeneza vyombo vya ndege, na weupe ule ukafichwa ili ndege za adui zisiuone. Kazi ya kiwanda ilipokoma, jengo lilikuwa limewekwa chini ya ulinzi wa sheria. Kwa hiyo kampani ya maduka ya Tesco ilipotaka mahali pa supamaketi, mwaka 1992, ilifungua duka lake upande wa nyuma, na uso wa mbele ukatunzwa. Watu hununua maziwa na mkate nyuma ya mlango wa kifalme wa mafagio. Ni jambo jema, ingawa yapasa kusema kwamba ni rahisi kutunza alama za mtu ambaye hakuna aliyemwonea.

Kwetu ni vigumu zaidi, na hapa ndipo ugumu wenyewe. Vita ya Ituri ya miaka 1999 hadi 2003 ilipita Djugu nzima, nayo Nizi ilionja, na tangu mwisho wa mwaka 2017 vikundi vyenye silaha vimefanya watu wakimbie tena na tena. Nyumba ikiachwa, mabati huibwa kwanza, kisha milango, kisha fremu za madirisha. Kuta husimama peke yake. Mwingine huja, huezeka upya, hufungua duka. Matundu ya risasi huzibwa kwa saruji, lakini saruji mpya ni nyeusi zaidi kuliko lipu ya zamani, na ukuta hubaki na madoadoa kama mtu aliyepona ndui. Pengine juu ya mlango kuna jina la mwenye duka wa kwanza, au herufi mbili tatu zake. Aliyemo sasa ana sababu ya kuliogopa jina lile. Siku moja aweza kuja kijana akasema: hilo ni jina la baba yangu.

Kwa hiyo wengine huchukua patasi. Siwalaumu upesi; mtu aliyekimbia mara tatu hutaka kulala akijua nyumba ni yake. Lakini patasi haimalizi neno. Wazee wa mtaa wajua duka lilikuwa la nani, na kovu lililoachwa na patasi laonekana kuliko herufi zilizokuwapo; kila apitaye huuliza nini kilichofutwa. Duka lililopatikana kwa haki, kwa kununua au kwa kupanga, halipungukiwi kitu kwa kubeba jina la aliyejenga. Na lililopatikana kwa njia nyingine halitakaswi na lipu.

Kuna jambo dogo ambalo yeyote aweza kulifanya, mwalimu na wanafunzi wake hasa. Kabla duka la zamani halijapakwa rangi mpya, wasimame mbele yake na daftari. Wachore milango yote, iliyo wazi na iliyozibwa. Wapime kimo cha baraza. Waandike kila herufi na kila tarakimu iliyobaki, hata kama haina maana kwao. Wageuze bati lililoanguka watafute chapa ya kiwanda, maana bati lenye chapa laweza kueleza lilitoka nchi gani. Wapige picha kwa simu, kwani siku hizi simu iko mfukoni mwa kila kijana. Kisha wamwendee mzee mmoja na bibi mmoja, kila mmoja peke yake, wasiwaulize wote pamoja. Mzee atakumbuka malori na bibi atakumbuka bei.

Na wachague saa. Rangi ya chokaa iliyopakwa juu ya maandishi ya zamani huyaficha vizuri wakati wa jua. Lakini ukuta ukilowa, chokaa huwa kama kitambaa chepesi. Waende asubuhi baada ya mvua ya usiku, kabla ukuta haujakauka, wakae upande wa pili wa barabara. Kwanza huonekana mstari mmoja mweusi, halafu tumbo la herufi, halafu neno zima, na chini yake pengine neno la pili la zamani zaidi. Wana kama nusu saa ya kuliandika.